«Hajachangamka» si «mvivu»



Tunashika kalamu leo juu ya jambo moja ambalo wengi wenu mtaliona dogo, lakini sisi viongozi wa wanafunzi, finalisti wa mwaka huu, tunaliona kubwa. Ni jambo la maneno. Si maneno ya siasa wala maneno ya kuchongea watu, hapana. Ni yale maneno madogo ambayo walimu wetu wanayaandika kwa Kifaransa chini ya buletini zetu: dynamique, vif, gai, enthousiaste, plein d'entrain. Ni maneno ya kueleza kama mwanafunzi ana nguvu ya kazi na moyo wa furaha, ao kama hana. Maneno hayo yanapaswa kufika nyumbani kwa Kiswahili, na mara mingi yanaharibika njiani.

Kila tunapozungumza habari hii kwenye uwanja wakati wa mapumziko, hakosi mwenzetu wa kusema: «Kiswahili hakina neno la dynamique. Kiswahili ni lugha ya soko. Mambo ya akili tuyaseme kwa Kifaransa.» Wengine wanacheka, wengine wanatikisa kichwa kukubali. Sisi hatukubali. Tunasema hivi: neno liko, lakini tunalitafuta katika nyumba ambamo halikai. Tunalitafuta kati ya vivumishi, na lenyewe linakaa kati ya vitenzi. Hilo ndilo shauri letu lote la leo, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Kwanza tuangalie namna maneno yanavyosafiri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inasema Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Kongo, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Basi buletini inaandikwa kwa lugha rasmi, na wazazi wengi wa hapa Goma wanaisikia kwa lugha ya taifa. Kati ya lugha hizo mbili anasimama nani? Ni sisi wanafunzi. Siku ya mkutano wa wazazi shefu wa kalasi anaitwa, anasimama karibu na meza ya mwalimu titulaire, anaambiwa: «Mufasirie mama.» Hakuna mtu aliyemfundisha kazi hiyo. Pengine ana miaka 15 tu. Pointi anazisoma bila shida, kwa sababu 62 kwa 100 ni 62 katika kila lugha. Shida inaanza anapofika kwenye ule mstari wa Application na ule wa Conduite, na yale maneno mawili matatu ambayo mwalimu ameyaongeza kwa mkono wake.

Tumesikia tafsiri hizo tangu tulipoingia masomo haya tukiwa wadogo. Dynamique tumesikia ikifasiriwa «mutu wa nguvu», na baba mmoja akauliza kwa wasiwasi kama mtoto wake anapiga wenzake. Vif tumesikia ikiitwa «mukali», sawa na pilipili ao mbwa wa mlangoni. Vivant tumesikia ikiitwa «muzima», na mama akajibu kwa upole kwamba ndiyo, anamshukuru Mungu, mtoto wake eko muzima kabisa. Gai ilifasiriwa «wa kucheka-cheka ovyo». Mwalimu alitaka kusifu, na mzazi akarudi nyumbani akitafuta fimbo. Sisi tunacheka tunaposimulia habari hizo, lakini yule mtoto wa gai hakucheka jioni ile.

Na iko tafsiri nyingine ambayo haichekeshi hata kidogo. Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji wetu na masomo yakafungwa. Kalasi zilipofunguliwa tena hatukurudi wote, na sisi tuliorudi hatukuwa wale wale. Kati yetu alikuwa msichana mmoja ambaye jamaa yake ilitoka upande wa Masisi. Mbele ya hapo alikuwa mtu wa kuimba na kuuliza maswali. Sasa alikaa nyuma, akaandika kila kitu kilichokuwa ubaoni, asiseme neno. Mwisho wa kipindi mwalimu aliandika: élève sans entrain. Hatumlaumu mwalimu. Aliandika alichokiona, na wanafunzi waliokuwa mbele yake walikuwa wengi. Siku ya wazazi mvulana aliyekuwa anafasiri alisoma maneno yale, akakuna kichwa, kisha akamwambia mama: «Anasema mutoto wako ni muvivu.»

Mama alinyamaza kwanza. Halafu akasema: «Muvivu? Huyu? Saa kumi na moja asubui eko anachota mayi ku ziwa, anaacha bido ku nyumba, anakuya ku masomo na miguu. Muvivu ni nani hapa?» Akaikunja buletini, akaenda bila kuaga mtu. Juma lililofuata kiti cha msichana kilikuwa wazi siku zote sita.

Ni neno gani lililotakiwa pale? Tunaona lilikuwa moja tu: «Mama, mwalimu anasema mtoto hajachangamka.» Mama angeelewa mara moja. Pengine angejibu: «Ni kweli, hata ku nyumba ni vile.» Na mwalimu angeuliza tangu lini, na mama angeeleza, na wale watu wazima wawili wangekuwa wameanza kuzungumza juu ya mtoto mmoja, badala ya kuachana wakiwa na uchungu.

Angalieni tofauti yake, ndugu zetu. «Muvivu» ni hukumu. Inamshika mtu na kumfungia mlango, kama kwamba alizaliwa hivyo na atakufa hivyo. «Hajachangamka» haifungi mlango. Ile silabi ndogo -ja- iliyo katikati inasema «bado». Inasema jambo linangojewa, na linaweza kuja. Ndani ya silabi moja kuna tumaini ambalo sans entrain haina, kwa sababu sans inasema tu kwamba kitu hakiko, haisemi kama kitarudi. Hapo Kiswahili kilikuwa tajiri kuliko Kifaransa, na sisi tukauacha utajiri wetu tukaenda kuazima neno baya.

Kwa nini tunakosea hivyo? Ni kwa sababu Kifaransa, na Kiingereza pia, vinapenda sana kivumishi. Vinapotaka kueleza tabia ya mtu vinachukua kivumishi na kukibandika juu yake kama tikiti juu ya gunia. Sisi tukiona kivumishi kule, tunatafuta kivumishi huku. Lakini vivumishi vya asili vya Kiswahili si vingi, na vingi vyake ni vya mambo yanayoonekana kwa jicho ao kushikwa kwa mkono: -kubwa, -dogo, -refu, -fupi, -zito, -epesi, -gumu, -pya. Tabia za moyo hazizaliwi hapo. Zinazaliwa na vitenzi. Mtu anatulia, anaitwa mtulivu. Anasikia, anaitwa msikivu. Anavumilia, anaitwa mvumilivu. Anakakamaa, anaitwa mkakamavu. Anachangamka, anaitwa mchangamfu. Mnaona utaratibu wake? Kwanza mtu anafanya. Akifanya tena na tena mbele ya watu, ndipo lugha inampa jina. Lugha yetu haitoi sifa bure.

Wale walioandika kamusi za zamani waliligundua jambo hilo. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, aliweka maneno yaliyozaliwa karibu na mzazi wao, chini ya mzizi mmoja. Anayetafuta sifa ya mtu humo anaongozwa kwenye kitenzi. Basi na sisi tufanye vile vile.

Tuchukue mzizi huo mmoja wa changamka. Hapa kwetu tunasema «kuchangamuka», tunaongeza u kama tunavyosema mutu na mutoto. Hilo si jambo la kuona haya, ni mlio wa kwetu. Kwa karatasi tunaandika changamka. Sasa hesabuni pamoja nasi.

Tukisema «amechangamka», maana yake sasa hivi yuko na furaha na nguvu, na pengine jana hakuwa hivyo. Tukisema «huchangamka», maana yake ndiyo desturi yake. Tukisema «ni mchangamfu», maana yake kila mtu anamjua hivyo, hata jirani. Tukisema «anachangamsha kalasi», maana yake furaha yake haikai kwake peke yake, inaingia kwa wengine. Tukisema «ameichangamkia kazi», maana yake aliikimbilia kazi kwa moyo kabla ya kusukumwa, na hapo ndipo tunapata enthousiaste, lile neno ambalo wenzetu walisema haliwezekani. Na tukisema «hajachangamka», mmekwisha kusikia. Mambo sita kwa mzizi mmoja! Kifaransa kwa mambo hayo sita kinahitaji maneno mbalimbali ambayo hata sisi finalisti tunayachanganya siku ya mtihani. Maskini ni nani hapo?

Sisi wa masomo ya Kiprotestanti tuko na mfano wa karibu sana, ndani ya kitabu tunachokibeba kila asubuhi. Fungueni Mithali, sura ya 15 mstari wa 13, na sura ya 17 mstari wa 22. Katika Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond mtakuta kivumishi kile kile mara mbili: joyeux. Kisha fungueni Kiswahili cha Union Version ya mwaka 1952. Watafsiri hawakukimbia kutafuta kivumishi cha kukilinganisha na joyeux. Walichukua vitenzi, kuchangamsha na kuchangamka, na maneno yakakaa vizuri katika kinywa cha msomaji. Na katika Wakorintho wa Pili sura ya 9 mstari wa 7, penye habari ya mtu atoaye sadaka kwa furaha, walichukua neno ukunjufu. Neno hilo pia ni mtoto wa kitenzi: kukunjua.

Tuseme kidogo juu ya hilo kukunjua, juu ni zuri sana. Mtu mwenye hasira tunasema amekunja sura. Mwenye furaha ni mkunjufu, yaani moyo wake umekunjuliwa. Nendeni Birere mkaangalie wale mama wanaouza vitenge. Kitenge kikikunjwa huoni maua yake, unaona pembe tu. Mama anakishika kwa mikono miwili, anakikunjua, na hapo rangi zote zinatokea. Maua hayakuanza kuwako wakati ule. Yalikuwako tangu kiwandani. Hivyo ndivyo lugha yetu inavyoona furaha ya mtu. Mwanafunzi aliyekunjwa si kwamba hana maua. Bado hajakunjuliwa.

Sasa tupite upande wa nguvu, kwa sababu dynamique na énergique ndizo zinazosumbua wengi. Mkitaka kujua tafsiri yake, mwangalieni msukuma chukudu akipandisha mzigo wa viazi ao wa makala. Kwenye mtelemko anaipanda na kuteleza kama mfalme, lakini kwenye mlima anashuka, anainama, anaweka bega, anasukuma. Mji wetu ulimjengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Je, tumwite «mwenye nguvu»? Ng'ombe naye ana nguvu. Watu wa njiani wakimwona wanasema «anajikaza», na wakitaka kumtia moyo wanasema «jikaze». Ndani ya neno hilo kuna misuli, lakini kuna pia nia: mtu mwenyewe ndiye anayejikaza, hakazwi na mwingine. Hiyo ndiyo énergique.

Na dynamique? Mmeziona zile karatasi za kutafuta wafanyakazi zinazobandikwa kwenye milango ya mashirika hapa mjini. Nyingi zinataka kijana dynamique. Vijana wote wanaandika ndani ya barua: je suis dynamique. Halafu ukimwuliza kijana huyo kwa Kiswahili, «Yaani uko namna gani?», anakosa la kusema. Neno alilikopa, maana yake hakuikopa. Kiswahili kina neno kamili: kujituma. Anayejituma ni yule asiyengoja kutumwa. Anajituma mwenyewe, kama vile ndani yake kuna bwana na mtumishi, na bwana anamwambia mtumishi: nenda. Tukiandika «najituma», tunalazimika kuonyesha ni wapi tulijituma na tulifanya nini. Dynamique inaweza kuandikwa na mtu aliyelala. «Najituma» inamwamsha.

Tunajua watu watatujibu. Wa kwanza watasema: ninyi mnapoteza wakati, hizi ni shida za lugha za Afrika tu, lugha kubwa hazina shida kama hizo. Si kweli. Kuhamisha maneno ya furaha kutoka lugha moja kwenda nyingine kunasumbua dunia nzima. Wenzetu wa kozi ya Kiingereza wanalijua neno jolly, mtu wa furaha na kicheko. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zamani. Lakini kwa Wafaransa wenyewe lile neno la zamani limegeuka kuwa joli, na joli leo ni mzuri wa kuonekana. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amebaki na furaha, mwingine amebaki na sura. Mwanafunzi anayefasiri jolly kwa joli amemgeuza babu mcheshi kuwa msichana mzuri!

Ao tuchukue Kihispania, lugha rasmi ya jirani yetu wa Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968. Ni lugha pia ya wale wanajeshi wa Uruguay waliokaa hapa Goma miaka mingi chini ya MONUC, ambayo tangu 2010 iliitwa MONUSCO. Kihispania kina vitenzi viwili pale Kifaransa kina être kimoja tu. Kuna ser kwa mambo ya asili ya mtu, na estar kwa hali aliyo nayo sasa. Ukisema es alegre, ni mtu wa furaha kwa tabia. Ukisema está alegre, amefurahi sasa. Na ukisema es vivo, ni mjanja, mwenye akili nyepesi. Lakini está vivo ni mzima, hajafa. Basi Mfaransa ao Mwingereza anayefasiri gai ao lively kwa Kihispania hawezi kuandika kitu kabla hajajiuliza: ni tabia yake, ao ni hali ya leo? Lugha inamlazimisha kufikiri. Kiswahili kinatulazimisha sisi vile vile, kati ya «ni mchangamfu» na «amechangamka». Lugha inayokuuliza swali hilo si maskini. Ni mwalimu.

Wa pili watasema: acheni Kifaransa kama kilivyo, watu wote wa mji wanaelewa dynamique. Wanaelewa kweli? Baba anayefanya kazi katika biro anaelewa. Mama anayeuza maharagi anatikisa kichwa kwa heshima tu, kwa sababu hataki kumfedhehesha mtoto wake mbele ya mwalimu. Heshima ya mama si ushahidi kwamba ameelewa.

Wa tatu watasema neno la haki, nalo tunalipokea: msituletee Kiswahili cha mbali ambacho hatukijui. Ni kweli. Mtu akifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1981, ataona maneno mazuri, na akaja nayo mbele ya wazazi kusema mtoto wao ana «bashasha», wazazi watatazamana. Wengine watafikiri ni ugonjwa. Sisi hatutaki kubadilisha Kifaransa kisichoeleweka kwa Kiswahili kisichoeleweka. Ndiyo maana tunasema tutumie vitenzi. Kuchangamka, kujikaza, kukunja sura, kutuma: maneno haya hayahitaji kamusi, yako nyumbani, yako njiani, yako sokoni. Na ikiwa ile lugha ya soko inatosha kwa kueleza moyo wa mtoto kwa mama yake, basi soko libarikiwe.

Tuongeze jambo moja ambalo linapita buletini. Wageni wakifika Goma na kuandika habari zetu, wanapenda kusema watu wa hapa ni joyeux, dynamiques, résilients. Wanaandika kwa nia njema. Lakini angalieni namna kivumishi kinavyofanya kazi. Kinatufanya tuonekane tumezaliwa hivyo, kama jiwe la volkano lilivyo gumu bila kujitahidi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na moto wake ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikapasuka tena, na nyumba nyingi za upande wa kaskazini zikazikwa. Wazazi wetu walirudi, wakavunja mawe yale yale yaliyowafukuza, wakayajengea kuta. Ukisema «ni watu résilients», jasho halionekani. Ukisema «walijikaza wakajenga tena», jasho linaonekana, na inaonekana pia kwamba kujikaza kunachosha, na kwamba mtu anayejikaza tangu alipozaliwa ana haki ya kupumzika na kusaidiwa. Kivumishi kinasifu na kwenda zake. Kitenzi kinabaki kuuliza: na leo je, bado mnajikaza? Mpaka lini?

Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu, na tunaomba yasomwe katika kila kalasi.

Kwanza, kwa ninyi mashefu wa kalasi ambao mtaitwa kufasiri: mkifika kwenye neno la sifa ao la lawama, msikimbilie neno la kwanza linalokuja mdomoni. Mwulizeni mwalimu kwa heshima: «Mwalimu, mwanafunzi huyu amefanya nini?» Kisha mwambieni mzazi kile alichofanya. «Mama, anachangamsha wenzake, lakini wakati mwingine anawachangamsha katikati ya somo.» Hapo mama atacheka, atashukuru, na atamwonya mtoto kwa jambo lililo kweli. Fimbo haitahitajika, ao itakuwa ndogo.

Pili, kwa walimu wetu, tunaowaheshimu na ambao tunajua uchovu wao: tunawaomba, pembeni ya kivumishi kimoja, mwongeze tendo moja. Hata kwa Kifaransa. Badala ya sans entrain peke yake, kuandika kwamba hajajibu maswali tangu kalasi zilipofunguliwa. Mstari mmoja tu. Anayefasiri atapata njia, na mzazi atapata la kujibu.

Tatu, kwa sisi wenyewe wanafunzi. Tunapenda sana kubandikana majina. Huyu muvivu, yule muzito, yule mwingine mufu. Wavivu wako, hatukatai. Sisi viongozi tunawajua, na siku ya kufagia tunawajua zaidi. Lakini kati yetu wako pia wale waliobeba mambo ambayo hatuyaoni, nao wanakaa nyuma kimya. Kabla ya kusema «ni», tujaribu kusema «haja-». Halafu tuketi karibu naye, tumpe swali la hesabu, tumwombe atusaidie wimbo. Mtu hachangamki kwa kuamriwa, anachangamshwa.

Sisi mwaka huu tunaelekea Examen d'État, na baada yake tutaacha viti hivi kwa wadogo zetu. Karatasi yenye vitenzi hivi tumeibandika pembeni ya mlango wa chumba cha mikutano, kwa mwandiko mkubwa, pamoja na maneno ya Kifaransa yanayolingana nayo. Chini tumeacha nafasi nyeupe. Anayejua neno lingine zuri, la Goma, la Rutshuru, la Walikale ao la kwao popote, alete kalamu aliandike. Na asiyekubaliana nasi aandike katika gazeti hili; tutamsoma kwa moyo mkunjufu.



Viongozi wa wanafunzi, kalasi ya finalisti